Kalipa ya Kushoto Ilifungwa Kulia

Siku breki za gari la baba ziliponiangusha, nilikuwa namrudisha nyumbani kutoka kliniki ya macho. Tulishapita Chang'ombe, tumeingia mitaa yetu ya Temeke, na mbele yangu bodaboda akasimama ghafla kupisha mbuzi. Nikakanyaga breki. Mguu ukazama mpaka chini, kama nimekanyaga godoro. Nikakanyaga tena, na tena, huku navuta hendibreki kwa nguvu zote na kukata usukani kushoto. Gari likapanda ukingo wa barabara, likaburuza tairi, likasimama bampa yake ikiwa imegusa benchi la mama mmoja anayeuza chapati. Hakuumia mtu. Birika lilianguka, chai ikamwagika, na wateja wawili walikuwa wamesharuka mtaro na vikombe vyao mkononi.

Mama chapati aliangalia birika, akaangalia bampa, akaniangalia mie. "Dada, hilo ni gari au jini?"

Baba, ambaye wakati ule alikuwa anaona vivuli tu kwa sababu ya mtoto wa jicho, aliuliza kwa utulivu, "Tumefika?"

Nilicheka na machozi yakanitoka kwa wakati mmoja. Nikashuka, nikamwomba mama wa watu radhi, nikamsaidia kuokota vikombe. Kisha nikalirudisha gari nyumbani kwa gia ya kwanza, taratibu kama nasindikiza maiti, mkono wa kushoto haujaachia hendibreki hata dakika moja.

Lile gari lilikuwa stesheni wagoni ya Kijerumani, rangi ya maziwa, limenizidi umri miaka miwili. Baba alilinunua enzi anachonga vinyago Mwenge. Alikuja Dar kijana kutoka Newala, na ufundi wa mpingo alikuja nao. Magogo ya mpingo ni mazito kama chuma, na gari lile liliyabeba miaka na miaka bila kulalamika. Lilimbeba mama yangu kwenda kumzaa mdogo wangu, likanibeba mie kwenda kufanya mtihani wa darasa la saba siku ya mvua kubwa. Jumapili baba alikuwa analifungua mwenyewe uani, na mie ndiye niliyekuwa nampa spana. Nikiwa na miaka kumi nilikuwa natofautisha spana namba kumi na tatu na namba kumi na nne kwa kuzishika tu.

Baadaye nikawa fundi cherehani. Mashine yangu iko barazani kwa baba mpaka leo, na gari lilikuwa linaegeshwa hatua tano kutoka ninapokaa. Macho ya baba yalipoanza kuharibika, funguo alinipa mie. Hakumpa kaka yangu mkubwa, na kaka hilo hakulisahau.

Ugonjwa wa breki ulianza mwezi mmoja kabla ya ile siku ya mama chapati. Gari lilikuwa linavuta upande wa kulia kila nikisimama. Nikalipeleka kwa fundi wetu, mzee wa makamo ambaye amelitengeneza gari lile zaidi ya miaka ishirini. Akafungua tairi za mbele, akanionyesha kalipa, lile dude la chuma linalobana diski ili tairi lisimame. Kalipa moja ilikuwa imejam kwa kutu.

"Nazitoa zote mbili, naziosha, naweka raba mpya," alisema. "Ukiondoka hapa, ukikanyaga breki unasimama juu ya sarafu."

Nilikaa pale pale kwenye kigoda nikimwangalia. Alizitoa zote mbili, akaziweka kwenye beseni moja la petroli, akazisugua kwa brashi mpaka zikang'aa, akabadilisha raba, akazirudisha. Mikono yake ilikuwa myepesi. Lakini tulipokuja kutoa upepo kwenye breki, ndipo matatizo yalipoanza.

Mtu mmoja anakaa ndani ya gari anakanyaga pedeli, mwingine yuko chini kwenye tairi anafungua kinjia kidogo kwenye kalipa, wanakiita nipo, ili upepo utoke na mafuta ya breki yabaki peke yake. Upepo ukibaki ndani, ukikanyaga unakanyaga hewa. Siku ile niliyekuwa ndani ni mie.

"Kanyaga!" anapiga kelele kutoka chini. "Shikilia! Achia!"

Tulifanya hivyo mpaka goti likaniuma. Kwenye nipo yalikuwa yanatoka mafuta safi, hayana hata povu moja, na bado pedeli ilikuwa laini. Ukiipampu mara tatu inapanda kidogo, ukiacha inazama tena. Fundi akasema masta imechoka, ile pampu ya breki inayokaa karibu na injini. Tukabadilisha masta. Pedeli ikabaki vile vile. Akasema mafuta ni mabovu, tukamwaga yote, tukaweka mengine. Vile vile. Mwisho akaniambia, "Endesha tu binti yangu, itajikaza yenyewe." Nami, kwa kuwa ni yeye aliyesema, nikaendesha. Ndiyo nikafika kwenye benchi la chapati.

Jioni ile kaka alikuja kutoka Mbezi Beach. Habari zilishamfikia, tena zikiwa na chumvi: eti nimeua mbuzi. Akakaa barazani, miguu mbali na vitambaa vyangu.

"Baba, hili gari litatuzika," alisema. "Leo ni birika, kesho ni mtoto wa watu. Jumamosi naleta watu wa vyuma chakavu walibebe."

"Breki zinatengenezeka, kaka," nikamwambia.

"Zimetengenezwa mara ngapi?"

Baba alikuwa ameweka kidevu juu ya mkongojo wake. Nilitegemea atafoka. Wakati wa nguvu zake mtu asingethubutu kulitaja gari lile na chuma chakavu kwenye sentensi moja. Akasema tu, "Haya. Mtakavyoona nyie." Kisha akanyanyuka, akaenda kupapasa paa la gari kwa kiganja, kutoka mbele mpaka nyuma, akaingia ndani kulala na saa moja ilikuwa haijafika.

Lile "haya" liliniuma kuliko kelele zozote. Baba hakuwa mtu wa kusema haya.

Keshokutwa yake, asubuhi, nilikuwa naitia mashine mafuta. Mafuta ya cherehani tunayanunua kwenye kichupa cha plastiki chenye mdomo mrefu mwembamba, na chupa yangu ilikuwa imebaki nusu. Nikaiinamisha mdomo chini, nikaminya: mafuta yakatoka safi. Nikaiangalia vizuri kwa mara ya kwanza maishani. Upepo ulikuwa umepanda juu, kwenye kitako cha chupa, umekaa pale umetulia. Nikaisimamisha mdomo juu, nikaminya: safari hii mafuta hayakutoka, ulitoka upepo.

Nikarudia. Mdomo chini, mafuta. Mdomo juu, upepo.

Nikakumbuka ile nipo. Mafuta safi, yasiyo na hata povu moja! Nikaiacha kanzu ya mteja ikiwa nusu chini ya sindano, nikamwendea jirani kuazima jeki.

Nililipandisha gari mbele, nikaegesha matofali chini ili lisinidondokee, nikafungua tairi zote mbili. Nikakata usukani, nikachungulia nyuma ya diski ya kulia. Nipo ilikuwa chini. Nikazunguka upande wa kushoto, nikalala kwenye khanga, nikachungulia. Chini.

Basi muda wote ule tulikuwa tunaminya chupa iliyoinamishwa. Upepo ulikaa juu ndani ya kalipa unatusikiliza tunavyopiga kelele za kanyaga na shikilia, na sie tunamwaga mafuta mazuri kupitia shimo la chini.

Lakini swali likabaki. Mjerumani gani angeweka njia ya kutolea upepo mahali ambapo upepo haufiki? Miaka yote ile gari lilisimama vizuri. Nikakaa chini kati ya tairi mbili, grisi mpaka kwenye viwiko. Hapo ndipo liliponijia akilini lile beseni. Zote mbili kwenye beseni moja, zimesuguliwa, zimeng'aa, zinafanana kama pacha. Nikajisemea kwa sauti, "Mikono."

Kila fundi cherehani amewahi kuufanya ujinga huu, hata kama hatakwambia. Unakata mikono miwili ya gauni, unaiweka mezani, inafanana kabisa. Unashona wa kushoto kulia na wa kulia kushoto. Inaingia, mshono unakubali, na mteja akivaa haelewi kwa nini kwapa linambana. Mikono haifanani; inatazamana tu.

Nikachukua karatasi la kaki ninalokatia patani. Nikalibandika juu ya kalipa ya kulia, nikapitisha chaki pembezoni, nikatoboa matundu mawili ya bolti, nikaweka alama ya nipo pale chini ilipo. Nikakata kwa mkasi. Sikuligeuza karatasi upande wa pili, nililizungusha tu nusu duara, kichwa chini miguu juu, nikalipeleka upande wa kushoto. Matundu ya bolti yakakaa juu ya bolti, kama yamepimwa. Na ile alama ya nipo ikawa juu kabisa. Tena mpira wa breki unaoleta mafuta, ambao sasa ulikuwa umejipinda kama mtu aliyelala vibaya, ungenyooka vizuri kuelekea tundu lake.

Sikupiga kelele. Nilitaka, lakini baba alikuwa amelala.

Kalipa ningeweza kuzibadilisha mwenyewe, spana za baba zilikuwepo. Lakini yule mzee amekula chumvi yetu miaka ishirini. Nikasema hapana, acha aone kwa macho yake. Nikampigia simu. Alifika saa tano, kapandisha nyusi, mfuko wa spana begani.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Nani kafungua tairi?"

"Mie."

"Binti yangu, nguo nguo, gari gari. Mie sijawahi kuja kukushonea kanzu."

Nikalimeza. Nikampa kiti, nikampa maji. Halafu nikamshikisha kichupa cha mafuta ya cherehani. "Fundi, naomba uniminyie, mdomo uwe chini."

Akaminya kwa kuniridhisha, huku ananitazama kama nimechanganyikiwa.

"Upepo uko wapi?"

"Si uko juu."

"Sasa chungulia nipo zako."

Alichungulia upande wa kulia. Alikaa ameinama vile muda mrefu, nikidhani mgongo umemkatalia. Akaenda upande wa kushoto, akachungulia. Nikampa lile karatasi. Akaliweka, akalizungusha, akaliweka tena. Akavua kofia yake, akajifuta uso kwa kofia hiyo hiyo.

"Astaghfirullah," alisema. "Nimezichanganya."

Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kumwambia, maneno makali, ya goti langu na ya masta tuliyoitupa bure na ya watu wawili walioruka mtaro. Yote yakanipotea. Alikuwa amechuchumaa na mvi zake, kashika karatasi la kaki kwa mikono miwili kama barua ya msiba.

"Ningeweza kukuulia baba yako," alisema.

"Hukumuua. Tuzirudishe kwao, fundi."

Akasimama. "Lete kumi na tisa."

Nikampa spana kabla hajamaliza kutaja namba. Kazi ile ilituchukua muda usiofika hata saa nzima. Kalipa zikavuka, ya kushoto ikaenda kushoto, ya kulia kulia, na mipira ya breki ikanyooka yenyewe. Nipo mbili zikawa zinatazama juu. Tukajaza mafuta. Ikabaki kutoa upepo.

"Kaa ndani ukanyage," fundi akaniambia.

"Safari hii nakaa chini," nikamjibu. "Atakanyaga mwenye gari."

Nilimwamsha baba, nikamshika mkono mpaka kwenye kiti cha dereva, mahali ambapo hakukaa kwa miaka mitatu. Akaushika usukani, akaupapasa, akajiweka sawa mgongo.

"Mie najua tatizo," alisema. "Ni pedi. Tangu mwanzo nimewaambia ni pedi." Kwa baba kila kitu kilikuwa pedi za breki.

"Sawa baba. Kanyaga!"

Nikafungua nipo. Ilitoka sauti ambayo sitaisahau: ilikohoa, ikatema povu, ikakohoa tena, mapovu makubwa makubwa kama ya mtoto anayecheza na sabuni. "Shikilia! Achia! Kanyaga!" Fundi alikuwa amepiga magoti pembeni yangu anayahesabu yale mapovu kwa kidole hewani. Kisha yakawa madogo, kisha uzi mwembamba wa mafuta matupu. Nikafunga. Tukaenda upande wa pili, nako ikakohoa vile vile.

"Kanyaga tena, baba."

Nikasikiliza, pedeli haikusogea.

"Baba, kanyaga!"

"Nimekanyaga!" akajibu kwa ukali. "Haiendi! Imegoma!" Kisha sauti ikabadilika, ikawa ya mtu niliyemjua zamani. "Imekuwa jiwe, mwanangu. Imekuwa jiwe!"

Nilipiga vigelegele. Mie mwenyewe, peke yangu, uani, na uso wote una grisi. Jirani mwenye jeki akatoka mbio akidhani pana harusi. Fundi alikuwa anacheka na kutikisa kichwa, na baba alikuwa bado anakanyaga ile pedeli, anakanyaga na kuachia, anakanyaga na kuachia, mpaka taa za nyuma zikawa zinawaka na kuzima kama gari lina kigugumizi.

Jumamosi saa tatu kigari cha mizigo cha watu wa vyuma chakavu, kirikuu, kikafika, kina vijana wawili na mnyororo. Nyuma yake kaka, na gari lake jipya lisilo na sauti. Nilikuwa nimeshavaa, nimekaa kwenye usukani, injini inanguruma.

"Kaka, kaa mbele hapa. Funga mkanda."

"Sina muda wa michezo."

"Dakika tano. Zikizidi, mwenyewe nitalifunga ule mnyororo."

Akaingia. Simu yake akaiweka juu ya dashibodi, kama mtu anayejua hatakaa sana. Nikalitoa gari mpaka uwanja wa mpira wa mtaani, ambako asubuhi ile hapakuwa na mtu. Nikakimbiza, gia ya pili, ya tatu, vumbi linapanda nyuma, kaka ameshika mpini wa mlango. Katikati ya uwanja nikakanyaga.

Gari lilisimama kama limegonga ukuta wa hewa. Halikuvuta kulia, halikuvuta kushoto. Simu ya kaka iliruka, ikapiga kioo, ikaishia miguuni kwake. Vumbi letu wenyewe likatupita, likaenda mbele.

Kaka hakuokota simu. Alivuta pumzi mara mbili tatu. "Nani katengeneza?"

"Fundi kafunga. Mie nimegundua."

"Wewe? Umegunduaje?"

Nikamweleza, uwanjani pale pale, habari za chupa, mikono na karatasi. Kaka yangu ana digrii na ofisi yenye kiyoyozi, na alinisikiliza mwanzo mpaka mwisho bila kunikatisha. Sikumbuki kama iliwahi kutokea kabla ya hapo. Mwisho akasema, "Nipishe hapo niendeshe mie." Alizunguka uwanja mara nne, na kila mzunguko alisimama kwa ghafla na kucheka peke yake kama mtoto wa shule. Wale vijana wa kirikuu tuliwapa kitanda cha chuma kilichooza na mabati mawili, wakaondoka wakinung'unika.

Fundi naye hakulificha kosa lake. Ningetegemea mtu wa heshima yake aimalize habari kimya kimya, lakini aliisimulia gereji nzima, tena aliisimulia vizuri kuliko mie, hadi kukohoa kwa nipo anakuigiza. Tangu hapo, gari la zamani likimsumbua, hunipigia simu: "Binti, njoo uchungulie na hayo macho yako ya sindano." Mara nyingine naona kitu, mara nyingine sioni. Wiki mbili zilizopita nilimkuta na mabeseni mawili ya petroli, moja amelipaka rangi nyekundu.

Baba alifanyiwa upasuaji wa jicho la kwanza mwezi uliofuata. Bandeji ilipotolewa, aliomba kitu kimoja tu: nimpeleke Goba, kule kwenye ule mteremko mkali ambao zamani alikuwa anaushuka na gari limejaa mpingo. Tulienda alasiri moja, yeye na mie tu. Juu kabisa ya mlima nilisimamisha gari, akatazama bonde lote lile, mabati na minazi mpaka upande wa bahari, akiyataja yale anayoyaona, moja moja. Kisha akasema twende.

Nilishuka bila kukimbia na bila woga. Kila nilipogusa breki, gari lilinyenyekea. Daraja dogo lilipotokea chini, na lori linakuja upande wa pili, nilisimama kando kumpisha, nikasimama hasa, na dereva wa lori akatupungia mkono kwa kulistahi gari. Baba akampungia naye, kwa sababu alimwona.

"Umekuwa dereva," alisema.

Nikamwambia nilikuwa dereva siku zote, ila breki ndizo zilizokuwa zinanichongea. Akacheka mpaka akakohoa, akaniambia nigeuze, tupande juu tushuke tena.